Malta: Kisiwa Kilichokula Mkate wa Manowari

Ndugu msomaji, itazame ramani ya dunia, ile inayotundikwa ukutani shuleni, uitafute Bahari ya Kati iliyo baina ya Ulaya na Afrika. Chini ya nchi ya Italia utakiona kisiwa kikubwa kiitwacho Sicily. Sasa shuka kusini kidogo, kiasi cha kilomita 90 hivi. Ukiona nukta ndogo ambayo pengine utadhani nzi ameichafua ramani, usiifute. Hiyo ndiyo Malta.

Malta pamoja na visiwa vidogo vya jirani ina eneo la kilomita za mraba 316 tu. Unguja peke yake ni kubwa kuliko hapo mara tano hivi. Hakuna mto, hakuna ziwa, hakuna msitu. Udongo ni mchache juu ya mwamba, na wakulima wake tangu zamani hujenga kuta za mawe ili mvua isiuchukue baharini. Je, watu waliishije mahali kama hapo? Tena waliwezaje kuwa wengi, na kujenga miji na makanisa makubwa ya kushangaza?

Mungu aliwanyima mito, akawapa bandari. Upande wa mashariki bahari imeingia ndani ya mwamba kama mkono wenye vidole, na maji yake ni ya kina kirefu. Watu huiita Bandari Kuu. Ndani ya bandari hiyo, kwa miaka zaidi ya 400, zilitengenezwa meli za vita za mataifa makubwa. Nataka leo nikueleze habari za kiwanda hicho na za watu waliokitumikia, maana wengi wao walikuwa watu wa kawaida, kama wewe na mimi: mafundi, wapagazi, baba za watoto, waliokwenda Misa asubuhi na mapema kisha wakaenda kazini.

WATU WENYEWE

Wamalta ni Wakatoliki kwa sehemu kubwa. Wao husema kwamba imani waliipokea kwa Mtume Paulo mwenyewe. Ukifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, utasoma jinsi chombo kilichomchukua Paulo mfungwa kilivyovunjika kwa dhoruba, na jinsi watu wote 276 waliokuwamo walivyofika pwani salama. Wenyeji waliwawashia moto, kwa kuwa mvua ilinyesha na baridi ilikuwa kali. Paulo alikaa kisiwani miezi mitatu.

Lugha yao nayo itakushangaza. Ni lugha yenye mizizi ya Kiarabu, ila huandikwa kwa herufi kama zetu na imechanganyika na Kiitaliani. Mmalta akihesabu sita, husema “sitta”. Elfu ni “elf”. Bahari ni “baħar”. Kitabu ni “ktieb”. Mzee wa Bagamoyo akiketi kando ya mzee wa Malta, hawataelewana, lakini kila mara watashtuka na kutazamana.

GUDI NI NINI?

Kabla ya kuendelea ni lazima nieleze neno moja. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika, mtumbwi wake ukivuja, hufanya nini? Huwaita jirani zake, wakauvuta mpaka mchangani, wakaupindua. Naye akatafuta ufa, akauziba. Lakini meli ya chuma yenye uzito wa maelfu ya tani, nani ataivuta mchangani? Basi, kwa kuwa meli haiwezi kuondolewa majini, mafundi huyaondoa maji melini. Mahali pa kufanyia kazi hiyo huitwa gudi.

Gudi ni shimo refu lililochongwa ufukoni. Kuta zake ni za mawe, zimejengwa ngazi ngazi, na katikati ya sakafu yake yamepangwa magogo mazito katika mstari mmoja. Mlango wake huelekea baharini. Mara nyingi mlango huo ni kama sanduku kubwa la chuma lililo wazi ndani: likijazwa maji huzama na kuziba, likitolewa maji huelea na kuvutwa kando. Meli ikiisha kuingia, mlango hufungwa na pampu huanza kunyonya maji. Meli nayo hushuka pole pole mpaka mkuku wake ukae barabara juu ya magogo, na ubavuni huegemezwa kwa boriti ndefu kulia na kushoto. Kipimo cha magogo kikikosewa, meli yaweza kuvunjika mgongo kwa uzito wake wenyewe.

Mwishowe fundi hushuka kwa ngazi mpaka chini, penye ukavu, akainua macho na kuliona tumbo lote la meli. Hapo kazi huanza: kuparuza chaza na majani ya bahari, kubadili mabamba yaliyoliwa na kutu, kunyosha pangaboi lililopinda, kupaka rangi. Usidhani kuparuza chaza ni kazi ya usafi tu. Meli yenye tumbo chafu huenda pole pole na kula makaa au mafuta mengi. Katika vita, meli ya pole pole ni meli iliyokwisha kufa.

Sasa umeona kwa nini dola kubwa zilikitamani kisiwa hiki kidogo. Meli inayotoka mlango wa Gibraltar kwenda Suez, ikifika Malta imekwenda karibu nusu ya safari. Mwenye gudi Malta, meli zake zilizojeruhiwa hazina haja ya kurudi mbali nyumbani.

WATAWA WENYE SILAHA

Wa kwanza kufanya Malta kuwa makao makuu ya manowari walikuwa Watawa wa Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu. Kazi yao ya asili ilikuwa kuwauguza mahujaji wagonjwa huko Yerusalemu. Baadaye wakashika na upanga. Mwaka 1522 walishindwa na Waturuki katika kisiwa cha Rhodes, wakawa hawana kwao. Ndipo Kaisari Karoli wa Tano alipowapa Malta, mwaka 1530, kwa kodi ya ndege mmoja kila mwaka, naye ni kozi wa kuwindia.

Watawa hao walikaa katika mji wa Birgu, kando ya Bandari Kuu, wakajenga hapo karakana za kutengenezea merikebu zao ndefu za makasia. Mwaka 1565 Waturuki wakaja na jeshi kubwa. Toka mwezi wa Mei walikizingira kisiwa. Mkuu wa Watawa alikuwa mzee Jean de Valette, ambaye miaka mingi nyuma alikuwa ametekwa akapigishwa makasia kama mtumwa. Boma la Mtakatifu Elmo lilianguka mwezi wa Juni, lakini Birgu na Senglea hazikuanguka. Tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, mazingiwa yaliondolewa. Hata leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Mwaka uliofuata ulianza kujengwa mji mkuu mpya, ukaitwa Valletta kwa jina la mzee huyo.

Lakini tusifiche lililo kweli. Merikebu hizo za Watawa zilivutwa na watu waliofungwa minyororo: wafungwa, na watumwa waliotekwa baharini na pwani za Afrika ya Kaskazini. Upande wa pili nao ulikuwa na watumwa Wakristu katika merikebu zake. Msalaba ulipeperushwa mlingotini, na chini yake mwana wa mtu alikuwa akipigwa mijeledi. Utumwa huo ulikomeshwa Malta mwaka 1798 tu, alipofika Napoleon na Wafaransa wake na kuwafukuza Watawa.

Napoleon alikaa siku chache, akaendelea na safari yake ya Misri. Askari aliowaacha walianza kunyang'anya mali za makanisa. Wamalta wakaasi tarehe 2 Septemba 1798, wakawafungia Wafaransa ndani ya kuta za Valletta kwa miaka miwili, kwa msaada wa manowari za Waingereza. Wafaransa walipotoka mwaka 1800, Waingereza walibaki.

KARAKANA YA WAINGEREZA

Watawa walikuwa wameanza kuchimba gudi katika karne ya 18, lakini hawakulimaliza. Waingereza nao walijaribu mapema, wakasumbuliwa na maji yaliyopenya katika nyufa za mwamba. Hatimaye Gudi Namba Moja lilifunguliwa mwaka 1848 mbele ya mji wa Bormla. Mwaka 1871 likafuata gudi kubwa la Somerset, na mwaka 1892 gudi la Hamilton. Meli zilizidi kukua, na kila zilipokua, shimo jipya lilichimbwa.

Tena mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa. Njia ya Bara Hindi na ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki sasa ilipita mlangoni pa Malta. Meli za mvuke zilisimama kuchukua makaa ya mawe, na wapagazi waliyabeba kwa vikapu begani mpaka wakawa weusi tangu utosi hata kisigino.

Basi familia za Bormla, Senglea na Birgu zikaacha jembe na ndoano, zikashika nyundo. Vijana waliingia kwa mtihani, wakajifunza ufundi kwa miaka kadhaa: useremala, uhunzi, kuyeyusha chuma, kupima na kuchora. Baba alimrithisha mwanawe vifaa vyake. Kazi hiyo ililisha nyumba nyingi kuliko kazi nyingine yo yote kisiwani. Lakini angalia, msomaji: mkate huo ulitegemea vita. Mataifa yakigombana, kazi ilijaa. Yakipatana, mafundi waliachishwa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kazi ilipungua na bei ya mkate ikapanda. Tarehe 7 Juni 1919 watu walifanya ghasia Valletta, na Wamalta wanne waliuawa na askari. Ni jambo la kutisha amani inapoleta njaa nyumbani.

MTU WA KAREMA ALIYEPITA HAPO

Si meli tu zilizopita Malta. Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alianzisha huko nyumba ya kuwasomesha uganga vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu. Alisoma Malta mpaka mwaka 1888, kisha akaja Tanganyika na msafara wa wamisionari, akafika Karema mwaka 1889. Hapo aliwatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe akawa padre.

Fikiri jambo hili. Katika kisiwa kilekile ambamo zamani watumwa waliwekwa kwenye makasia, mtumwa aliyekombolewa alipewa kitabu na dawa. Wazee wengi wa Karema walitibiwa na mikono iliyofundishwa Malta.

MIAKA YA MABOMU

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya pili, na kesho yake asubuhi mabomu ya kwanza yaliiangukia Malta. Adui alijua anatafuta nini. Alitaka bandari na magudi.

Januari 1941 manowari kubwa ya kuchukulia ndege, jina lake Illustrious, iliingia Bandari Kuu inaungua, imepigwa mabomu mengi. Mafundi walianza kuitengeneza mchana na usiku. Ndege za Wajerumani zikaja kuimaliza, na tarehe 16 miji ya kando ya bandari ilipigwa vibaya sana. Kanisa la Bikira Maria la Senglea lilibomoka, na nyumba nyingi zikawa chungu za mawe. Fundi alitoka kwenye meli, akaenda kutafuta nyumba yake, akarudi kwenye meli. Usiku wa tarehe 23 Illustrious iliondoka kwa nguvu za mitambo yake yenyewe, ikafika Alexandria.

Baada ya hapo karakana nyingi zilihamishiwa chini ya ardhi, katika mapango yaliyochongwa. Watu nao walichimba mwamba kwa sururu na kujificha humo na watoto wao na picha zao za watakatifu. Tarehe 9 Aprili 1942 watu zaidi ya 200 walikuwa kanisani Mosta wakingojea Misa ya jioni. Bomu lilitoboa kuba la kanisa, likaanguka katikati yao, lisipasuke. Siku sita baadaye Mfalme George wa Sita aliipa Malta yote nishani yake ya msalaba, ambayo huwapa watu mashujaa. Ipo katika bendera yao hata leo.

Nishani ni heshima, ila haijazi chungu. Kufikia mwezi wa Agosti chakula na mafuta vilikuwa karibu kwisha. Meli 14 za shehena zilitumwa kutoka Uingereza zikisindikizwa na manowari nyingi. Zilizofika ni tano tu. Ya mwisho ilikuwa Ohio, meli ya mafuta. Ilikuwa imepigwa mabomu na topido, mitambo imekufa, mgongo umevunjika, nayo inazama kidogo kidogo. Manowari mbili zikajifunga ubavuni mwake, moja kulia na moja kushoto, kama watu wawili wanaomsaidia mgonjwa kutembea. Iliingia bandarini tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na watu waliojaa juu ya kuta za bandari wakapiga vigelegele na kulia. Mafuta yakapakuliwa, na meli ikakaa chini ya bandari. Wamalta hadi leo huuita msafara ule “Msafara wa Santa Marija”.

Katika vita hiyo raia 1,500 hivi wa Malta waliuawa.

MKATE UNAKATIKA

Vita ilipokwisha, zaidi ya watu 10,000 walikuwa wakifanya kazi magudini, katika kisiwa chenye watu 300,000 hivi. Lakini Uingereza ilikuwa imechoka, na mwaka 1957 iliamua kupunguza majeshi yake. Manowari chache, kazi chache. Mafundi waliotengeneza meli chini ya mabomu sasa waliambiwa kwamba huenda hawatahitajika. Aprili 1958 serikali ya Dom Mintoff ilijiuzulu. Huyu alikuwa mzaliwa wa Bormla, na baba yake alikuwa mpishi katika Jeshi la Maji la Kiingereza. Tarehe 28 mwezi huo kulikuwa na mgomo na ghasia. Mwaka 1959 magudi yalikabidhiwa kampuni ya Wales, ili yatengeneze meli za biashara. Maelfu ya Wamalta walifunga mizigo katika miaka hiyo, wengi wakaenda Australia.

Malta ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, na mwaka 1968 serikali ikayatwaa magudi. Katika miaka ya 1970, wakati uleule ambao Wachina walitusaidia sisi na Zambia kujenga reli ya TAZARA, waliwasaidia Wamalta kujenga gudi jipya la kuingiza meli za tani 300,000. Mwaka 1979 manowari ya mwisho ya Uingereza iliondoka. Kwa mara ya kwanza tangu siku za Watawa, Malta haikuwa kituo cha vita cha mtu ye yote.

Je, hadithi iliishia kwa furaha? Furaha ilikuwako, na mashaka pia. Kiwanda kilifanya kazi nyingi lakini kilipata hasara miaka mingi, na serikali ikailipa kwa fedha za wananchi. Malta ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, msaada wa namna hiyo haukuweza kuendelea. Wafanyakazi waliobaki walipewa fedha za kustaafu, na mwaka 2010 magudi yalikodishwa kwa kampuni ya Kiitaliani. Meli bado hutengenezwa huko. Lakini Gudi Namba Moja la Bormla sasa ni mahali pa kupumzikia. Watoto hutembea na wazazi wao juu ya mawe ambayo babu zao walishuka kila asubuhi na vifaa mkononi.

TUJIFUNZE NINI?

Msomaji, huenda hutaiona Malta maishani mwako. Lakini nyumba yako nayo ina mkate unaotegemea mtu mwingine: bei ya kahawa, bei ya pamba, mshahara wa mwana aliye mjini. Wamalta walitegemea manowari za wageni. Wageni walipoondoka, walichobakiwa nacho ni kile kilichokuwa mikononi na vichwani mwao, yaani ufundi. Aliyejua kuunga chuma alikwenda nacho Australia au alikaa nacho nyumbani, akala. Aliyejua kubeba makaa tu, makaa yalipokwisha naye aliishiwa.

Kwa hiyo mwanao akisema anataka kujifunza useremala, ushoni au ufundi wa mashine, usimwambie kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa shule. Mpe nafasi, naye aimalize kazi yake mpaka mwisho kwa kipimo sahihi, kama fundi apangaye magogo gudini. Na wewe binti, na wewe mama, msijihesabu kando, maana ufundi hauchagui mkono.

Tena tuwaombee wale wote ambao mpaka leo hula mkate wa vita, wapate mkate mwingine.